PADRE CHARLES SACLEUX: MKUSANYA MANENO YA PWANI



Kamati ya mkutano iliponitaka niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, ambaye maisha yake yanaweza kumfaa mwanafunzi, baadhi ya wenzangu walidhani nitamchagua shujaa wa vita au kiongozi wa siasa. Hao wanastahili kuandikwa, tena sana. Lakini mimi nimemchagua mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakushika madaraka ya nchi. Alichofanya ni kusikiliza watu wa pwani hii wakisema, akaandika walivyosema, na kazi hiyo hakuiacha kwa muda wa miaka sitini. Jina lake ni Padre Charles Sacleux.

Huenda wengine wakastaajabu. Wengi wetu tuliosoma hapa ni wana wa madrasa, na huyu alikuwa padre wa Kikatoliki. Aidha vitabu vyake vimeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wachache miongoni mwetu tunaijua. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho, maana habari hii inatuhusu sisi watu wa kusini kuliko inavyoonekana kwa juu juu.

KUZALIWA NA MASOMO

Charles Sacleux alizaliwa mwaka 1856 huko Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa. Katika zama hizo kijana aliyetaka upadre hakuwa na budi kujifunza Kilatini barabara. Kwa Kilatini alisali, kwa Kilatini alisoma elimu ya dini, na kwa Kilatini alifanyiwa mitihani. Tangu karne nyingi nyuma, makasisi wa nchi hiyo walikuwa na desturi ya kutunga kamusi za Kifaransa na Kilatini kwa ajili ya wanafunzi, na kijana wa seminari alikua na kamusi mkononi kama fundi seremala anavyokua na randa.

Katika kamusi hizo kijana alijifunza adabu ya maneno. Kila neno lina mahali pake. Neno moja huwa na maana ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asiyezitenga atapotosha wengine. Tena neno lina asili, na asili hiyo yafaa kutafutwa. Adabu hiyo ndiyo aliyoivusha bahari.

Alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo lilikuwa na misheni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, aliletwa Zanzibar.

ZANZIBAR NA BAGAMOYO

Zanzibar aliyoikuta ilikuwa chini ya Sultani Barghash bin Said, ambaye enzi yake ilifika hata huku kwetu Kilwa na Lindi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Huko walijenga kijiji cha watu waliotolewa utumwani, wakawa na shule, karakana na mashamba.

Hapa nasi tunaingia katika habari hii, tena kwa mlango wa uchungu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuwapakia watumwa waliopelekwa Unguja. Walitoka bara, kutoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, wakapita katika nyika hizi hizi tunazolima ufuta. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka sita tu kabla ya Sacleux kushuka jahazini. Basi watu aliowakuta katika misheni wakisema Kiswahili, wengi walikuwa wamejifunza lugha hiyo katika safari ambayo hawakuichagua.

Nalisema hili ili tusisahau jambo moja. Jaladani mwa kamusi huandikwa jina la mtu mmoja, lakini ndani mwake mna sauti za maelfu. Kila neno alilolitia Padre Sacleux katika daftari lake lilitoka kinywani mwa mtu: mvuvi, mpishi, mwalimu wa chuo, mama wa nyumbani, baharia, mtumwa aliyekombolewa. Wao ndio waliokuwa walimu wake, na yeye alikuwa mwanafunzi.

KAMUSI YA KWANZA

Sacleux hakuwa wa kwanza kuandika maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Dakta Krapf, Mjerumani aliyekaa Mombasa, alitunga kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Edward Steere, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na ni Steere huyo huyo aliyepita Lindi mwaka 1876 akiwaongoza watu waliokombolewa hadi Masasi. Wala isidhaniwe kwamba kabla ya Wazungu Kiswahili hakikuandikwa. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi, mpaka leo.

Lakini hao waliotangulia waliandika kwa Kiingereza. Padre au sista aliyetoka Ufaransa hakuwa na mengi ya kushika. Sacleux aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili, na mwaka 1891 ikatoka kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili, kitabu cha kurasa zinazokaribia elfu moja. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Mwaka huo nchi ilikuwa imekwisha badilika. Kwa mapatano ya mwaka 1890 Unguja iliangukia kwa Waingereza, na pwani ya bara ikawa ya Wadachi. Watu wa lugha moja wakatengwa na mipaka iliyochorwa Ulaya. Kamusi ya Sacleux haikuufuata mpaka huo, kwani maneno hayaombi ruhusa ya kupita forodhani.

MTI WENYE JINA LAKE

Jambo la pili linalomtofautisha Padre huyu na wengine ni elimu yake ya mimea. Alikusanya mimea ya Unguja, ya Bagamoyo na ya sehemu nyingine za pwani, akaikausha na kuipeleka Ufaransa kwa wataalamu. Mwaka 1890 mtaalamu wa mimea wa Paris, Henri Baillon, aliupa mmoja wa mimea ya Afrika ya Mashariki jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Jina hilo lingali likitumika katika elimu ya mimea hata leo.

Elimu hiyo ilizifaa kamusi zake. Watunga kamusi wengi wakifika kwenye jina la mti huandika kwamba ni aina ya mti, wakaishia hapo. Msomaji hubaki gizani, kwa sababu miti ni mingi. Sacleux alitaka kila jina la Kiswahili lipate jina lake la Kilatini, lile linalotumiwa na wataalamu wa dunia nzima. Mbuyu ni Adansonia digitata. Mkwaju ni Tamarindus indica. Mpingo wetu wa Kilwa, unaotafutwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya, ni Dalbergia melanoxylon. Ukisema hivyo, hakuna awezaye kukuuliza unasema mti gani.

Naomba ruhusa nitoe kisa changu. Nilipoanza kazi ya serikali, mbali na kwetu, niliagizwa kuandika taarifa fupi kuhusu mbao. Nikaandika kwamba huku kusini watu hupasua mpingo, mninga na mkongo. Mkubwa wangu wa kazi, mtu wa pwani ya kaskazini, aliisoma taarifa hiyo mbele ya wenzangu akaniuliza ni Mkongo gani huyo anayepasuliwa mbao Kilwa, na kama polisi wana habari. Ofisi nzima ilicheka. Mimi niliinamisha kichwa, nikalifuta neno la babu yangu, nikaandika kwamba ni miti mingineyo.

Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba mti tunaouita sisi mkongo, huko kaskazini huitwa mbambakofi. Ni mti mmoja, na jina lake la Kilatini ni Afzelia quanzensis. Mkubwa wangu hakuwa na kosa la kutolijua neno langu, na mimi sikuwa na kosa la kulitumia. Kilichokosekana pale mezani ni mtu wa namna ya Padre Sacleux, wa kuyaweka majina yote mawili pamoja, kila moja na mahali linaposemwa, na Kilatini kikawa shahidi kati yao. Kosa langu lilikuwa kulifuta neno, na nalijutia hadi leo.

LAHAJA ZOTE, NA KIMGAO MIONGONI MWAO

Baada ya kukaa pwani hii karibu miaka ishirini, Sacleux alirudi Ufaransa kabla karne haijaisha. Wengi wakirudi kwao huifunga kazi ya Afrika katika sanduku. Yeye hakufanya hivyo. Alifundisha wanafunzi wa shirika lake katika seminari ya Chevilly, karibu na Paris, huku akiendelea na Kiswahili. Mwaka 1909 alitoa vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha sarufi ya Kiswahili, na cha pili kilihusu sarufi ya lahaja za Kiswahili.

Hiki cha pili kinahitaji maelezo. Wakati ule watu wengi walikuwa wakibishana Kiswahili bora ni kipi. Wengine walisema ni cha Mombasa, wengine cha Lamu kwa sababu ya mashairi yake, wengine cha Unguja kwa sababu ya biashara. Sacleux aliona kwamba mtaalamu hana kazi ya kuwavika watu taji. Kazi yake ni kueleza kila kundi linasemaje. Basi akaziandika lahaja kuanzia kaskazini hadi kusini, mpaka visiwa vya Ngazija, na miongoni mwa hizo aliipa nafasi Kimgao.

Ndugu zangu, Mgao ndiyo sisi. Zamani pwani ya kusini, kutoka Kilwa kwenda Lindi na kuendelea, ilijulikana kwa jina hilo, na Kimgao ndiyo lahaja ya watu wake. Katika vitabu vya wataalamu wa siku hizi, Kimgao hutajwa kwa ufupi sana, na mara nyingine kama kitu kilichokuwako zamani. Mtu akitaka kujua mababu wa Kilwa walisemaje zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mmoja wa mashahidi wake wakubwa ni padre wa Kifaransa.

Tena sikio lake lilikuwa kali. Aliona kwamba paa ya nyumba na paa wa porini, ambao sisi tunawaandika sawasawa, katika vinywa vya wasemaji wa zamani hawakuwa sawa, kwani jina la mnyama lilitamkwa kwa pumzi. Mambo kama hayo aliyawekea alama. Herufi tunazofundishwa shuleni leo zimeliacha jambo hilo, na vijana wengi hawajui kwamba liliwahi kuwako.

KAZI YA UZEENI

Kazi yake kubwa ilikuwa bado. Kamusi ya mwaka 1891 ilianza na Kifaransa kwenda Kiswahili. Aliyetaka kulijua neno la Kiswahili alilolisikia pwani hakuweza kuanzia hapo. Sacleux akakusudia kutunga kamusi ya upande wa pili, ya Kiswahili kwa Kifaransa, ambayo ndani yake kila neno litaonyeshwa ni la lahaja gani, na kama lilitoka Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi au Ureno litajwe asili yake, na kama ni mmea au mnyama lipewe jina la Kilatini.

Vita Kuu ya kwanza ikapita. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ili kusimamia vitabu vya shule. Siilaumu kazi hiyo. Pasipo Kiswahili Sanifu, mimi nisingeweza kumwandikia mtu wa Bukoba naye akanielewa, na huenda hata taifa letu lisingesimama lilivyosimama. Lakini kila kuchagua ni kuacha, na yaliyoachwa yalikuwa mengi.

Tazameni basi ajabu ya mwaka 1939. Mwaka huo zilitoka kamusi mbili. Moja ni ile ya Kiswahili Sanifu kwa Kiingereza, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha na kuanzishwa na Frederick Johnson, ambayo wazee wetu waliitumia shuleni kwa miaka mingi. Nyingine ni juzuu ya kwanza ya kamusi ya Padre Sacleux, iliyochapishwa Paris na Taasisi ya Elimu ya Makabila. Ya kwanza iliwafundisha watu wa Afrika ya Mashariki neno lipi litumike. Ya pili ilihifadhi maneno yote yaliyopatikana, yenye bahati na yasiyo na bahati. Lugha yetu ilizihitaji zote mbili.

Sacleux alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Vita ya pili ikaanza mwaka ule ule, na mwaka 1940 majeshi ya Wajerumani yakaingia Paris. Hata hivyo juzuu ya pili ilitoka mwaka 1941, katika mji uliotekwa. Juzuu hizo mbili kwa pamoja zina kurasa zaidi ya 1,100. Tangu siku aliyoshuka Unguja mpaka juzuu ya mwisho kutoka zilikuwa zimepita zaidi ya miaka sitini. Miaka miwili baadaye, 1943, Padre Charles Sacleux alifariki dunia huko Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 86.

Hata baada ya kifo chake kazi haikukoma. Alikuwa ameacha maandishi ya maneno ya Kingazija na lugha nyingine za visiwa vya Komoro. Maandishi hayo yalikaa mpaka mwaka 1979, wataalamu wawili, Ahmed Chamanga na Gueunier, walipoyatengeneza na kuyachapisha Paris kuwa kamusi. Chamanga ni Mkomoro. Basi maneno yaliyochukuliwa visiwani yakarudi mikononi mwa mwana wa visiwa.

LILILOBAKI KWETU

Sitaki msomaji adhani kwamba nimemchora malaika. Sacleux alikuwa mtu wa zama zake. Alikuja na misheni kabla kidogo ya nchi yetu kutawaliwa, na baadhi ya watu wetu walioneshwa njia ya kanisa wakati ambapo hawakuwa na pengine pa kwenda. Tena aliandika kwa Kifaransa, kwa ajili ya Wafaransa, na matokeo yake ni kwamba mjukuu wa aliyempa neno hawezi kulisoma neno la babu yake bila mkalimani. Hayo ni ya kweli, na hayafai kufichwa.

Lakini jambo hili nalo ni la kweli: hakuyacheka maneno ya watu. Hakulifuta neno kwa sababu lilisemwa na mkulima au mvuvi. Aliyekuja kutufundisha dini alikubali kwanza kufundishwa na sisi namna ya kusema.

Kwa wahitimu wenzangu, hasa wale tulio katika ofisi za serikali, nasema hivi. Tukiletewa barua na kijana mwenye neno la kwao, tusianze kwa kicheko. Tumwulize neno hilo maana yake ni nini, linasemwa wapi, na sisi kwetu tunaliitaje. Kiswahili Sanifu ni nguo ya kutokea, nami naivaa kila siku kazini. Hata hivyo mwenye nguo ya kutokea hachomi moto kanga ya mama yake.

Kwa ninyi wanafunzi, ninayo kazi ya likizo, wala haihitaji fedha. Nunueni daftari moja la kurasa mia. Nendeni kwa bibi na babu, hapa Kiranjeranje na vijiji vya jirani, mpaka pwani kwa wavuvi na mpaka bonde la Mbwemkuru. Ulizeni majina ya miti, ya samaki, ya pepo za bahari, ya sehemu za ngalawa, ya vyombo vya kupikia na ya magonjwa ya mifugo. Kila neno liandikwe pamoja na maana yake na kijiji lilikosemwa. Kisha fanyeni jambo ambalo wakusanyaji wa zamani mara nyingi hawakulifanya: mkipata idhini ya mzee, andikeni na jina lake, ili ijulikane nani alikuwa mwalimu.

Mpelekeeni mwalimu wa elimu ya viumbe majani ya mti msioujua, awasaidie kutafuta jina lake la Kilatini. Mwalimu wa Kiswahili ayakusanye madaftari, nayo yawekwe katika maktaba ya shule. Mimi kwa upande wangu naahidi kuleta rafu moja ya kuyawekea katika mkutano ujao, nayo itakuwa ya mbao za mkongo. Fundi nimekwisha mwagiza, na safari hii neno hilo sitalifuta.